Fuso iliyotudanganya pale Maji ya Chai

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa dada huko Machame, na kwa ukoo wetu ukiwa Arusha safari kama hiyo unapanda gari la baba mdogo, hamna cha Kosta wala nini, mwenyewe anasema hiyo hela ya nauli kamnunulie mtoto soda. Gari lenyewe ni Noah ya mwaka 2004, na kila akiiwasha, kabla injini haijatulia, anaongea kwanza yule dada wa Kijapani. Wenye magari ya Japani mnamjua. Sauti laini, adabu zote, sentensi moja hivi alafu ananyamaza mpaka siku ukizima na kuwasha tena. Kwetu miaka yote tumeamini anatusalimia, baba mdogo huwa anamjibu "marahaba mwanangu" tunaondoka.

Sasa tumetoka mjini, tukapita Tengeru pale njia nne zinapoishia mnaanza kubanana kwenye mbili, tukapita Usa River, tunaingia Maji ya Chai ikaja Fuso inatokea upande wa Moshi, ikatupiga taa mara mbili. Mnajua maana yake. Baba mdogo akakanyaga breki, spidi 50 kamili, mkanda akauvuta, na redio akapunguza (hili sijawahi kulielewa, dereva akihisi trafiki yuko mbele anapunguza redio kama vile trafiki anasikia mpaka mita mia tatu). Tukatambaa hivyo tukapita shule, tukapita sijui duka la pembejeo, kilomita nzima na ushee, hamna trafiki, hamna tochi, hamna hata mgambo. Kosta iliyokuwa nyuma yetu ikatuovateki kwa dharau. Baba mdogo akasonya, "Yule mtu ametuuzia mbuzi kwenye gunia."

Mi nikacheka sana, maana hicho kitu kilichotokea pale ndo kitu ninachokisoma usiku mwaka wa pili huu. Mchana kazi yangu nafunga traka na alamu za magari huku mtaa wa Unga Limited, ila shule nilisoma mambo ya mawasiliano, na siku hizi nimezama kwenye hii habari ya magari yanayojiendesha na jinsi yanavyoongea yenyewe kwa yenyewe kwa redio. Nikamwambia baba mdogo, unajua wazungu wanahangaika miaka zaidi ya ishirini na hiyo Fuso? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Kwa hiyo nikamwelezea njia nzima mpaka Machame, na maswali aliyoniuliza yalikuwa makali kuliko niliyowahi kuulizwa na mtu yeyote, ndo maana naandika hapa kabla sijayasahau.

Wazo lenyewe ni rahisi. Kila gari linakuwa na antena, na mara 10 kwa sekunde linatangaza hewani: niko hapa, naenda kasi hii, naelekea huku, nimekanyaga breki au sijakanyaga. Ukiwa kwenye 80 kwa saa unasogea mita 22 kwa sekunde, maana yake kila ukisogea mita mbili na kidogo umeshajitangaza upya. Magari yaliyo mita mia kadhaa kukuzunguka yote yanakusikia. Marekani walitenga masafa kwa ajili ya kazi hii tangu 1999, kwenye gigahezi 5.9 pale, alafu wakakaa, wakakaa, mwaka 2016 serikali yao ikapendekeza kila gari jipya dogo liwe na redio hiyo, ikashindikana, mwaka 2020 sehemu kubwa ya yale masafa wakaamua kuwapa watu wa Wi-Fi. Ulaya Volkswagen waliiweka kwenye Golf ya kizazi cha nane, Japani Toyota walianza 2015 ila wao wako kwenye megahezi 760, yaani kila mtu na lugha yake.

"Na hayo yanayojiendesha si yana macho yao?" Baba mdogo. Kweli yana macho, kamera na rada na ile laida inayopima umbali kwa mwanga, na Waymo, kampuni ya Marekani, wanabeba abiria bila dereva kule Phoenix tangu 2020 bila kusubiri gari lingine liwaambie kitu. Ila jicho haliwezi kuona kilicho nyuma ya lori. Hapo hapo mbele yetu kulikuwa na semitrela inapanda taratibu, haionyeshi kitu mbele yake, na dereva wake akawasha indiketa ya kulia. Baba mdogo akatulia nyuma. Baadaye ile semi ikawasha ya kushoto, baba mdogo akaovateki bila hata kuchungulia sana. Nikamwambia umeona? Umepita kwa macho ya mtu mwingine. Gari linalojiendesha linataka huduma hiyo hiyo, kuonyeshwa kisichoonekana, ila likishakubali kuonyeshwa na mwingine linaweza pia kudanganywa na mwingine, na wewe hapo Maji ya Chai umepoteza muda kidogo tu, lenyewe likidanganywa kwamba kuna gari limesimama ghafla mbele litakamata breki za nguvu kwenye spidi 80 na Kosta iko nyuma yake.

Hapa ndo watu wengi wanakosea, na hata mimi nilikosea mwanzo. Ukimwambia mtu "usalama wa mawasiliano" akili inakimbilia kuficha, nywila, mambo ya WhatsApp kwamba asisome mtu wa kati. Huku hamna kuficha. Hizi taarifa za niko hapa nimekanyaga breki zinarushwa wazi kabisa na ndo zinavyotakiwa, kwa sababu gari ambalo hujawahi kukutana nalo, limetoka Tunduma au Namanga, inabidi likuelewe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hamna muda wa kusalimiana na kupeana nywila. Swali ni moja tu, nikuamini au nisikuamini.

Baba mdogo hili alilielewa haraka kuliko nilivyotegemea kwa sababu kabla ya kustaafu ameendesha watalii miaka mingi, na kwenye Land Cruiser zile kuna redio koli, wazee wanaiita simu ya upepo. Chaneli iko wazi, kila mwenye redio anasikia. Madereva wana majina yao ya kificho ya wanyama ili mtalii asijue kinachoongelewa akaanza kudai (siyaweki hapa, nisivunje biashara za watu). Akanihadithia kuna jamaa mmoja kule Seronera, Serengeti, alikuwa akimpata chui juu ya mti hasemi, anatangaza yuko upande mwingine kabisa wa mto, magari ishirini yanakimbilia huko yanakula vumbi, yeye anabaki na chui wake peke yake na wageni wake wanapiga picha kwa raha. "Siku ya kwanza tukaenda wote. Siku ya pili tukaenda nusu. Wiki ya pili akiongea yeye tunazidi kunywa chai."

Mlimjuaje kama ni yeye?

"Sauti mwanangu. Sauti yake tunaijua."

Basi hapo ndo penyewe. Redio ya gari haina sauti. Ni namba tu zinapita hewani, na mtu yeyote mwenye kompyuta na kiredio cha bei ya kawaida anaweza kurusha namba zinazofanana na za gari la kweli akiwa amekaa zake baa. Kwa hiyo wakaitengenezea sauti, nayo ni saini ya kidijitali. Gari lina ufunguo wa siri, yaani namba ndefu, umefungiwa ndani ya chipu hautoki, na kila tangazo linalorushwa linapigwa hesabu na ule ufunguo inatoka saini ya baiti 64. Anayepokea ana ufunguo wa wazi unaokuja na cheti, anapiga hesabu yake, inakubali au inakataa. Tofauti yake na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni kwamba ule muhuri unaweza kuukata kwenye barua moja ukaubandika kwenye nyingine ukaenda kutoa kopi, watu wamefanya sana. Hii saini inatokana na maneno yenyewe, ukibadilisha namba moja tu ya kasi saini inakufa. Na cheti chenyewe kimesainiwa na mamlaka ya vyeti, kwa hiyo hata kama hatujawahi kuonana, kama tunaiamini mamlaka ileile tumeshajuana kiasi cha kutosha.

Hesabu yenyewe sio ya mchezo. Chukua magari 100 yamekuzunguka, kama pale mataa asubuhi, kila moja linatangaza mara 10 kwa sekunde, ni saini 1,000 za kukagua kila sekunde moja, na huruhusiwi kuchelewa kwa sababu taarifa ya breki ikikaguliwa baada ya sekunde mbili ni taarifa ya marehemu. Ndo maana wanaweka chipu maalumu ya kazi hiyo tu.

Tukiwa bado tuko kwenye hilo tukapita njia ya KIA, uwanja wa ndege, mbele kidogo tukakuta matawi barabarani. Mnayajua, lori limeharibika, tanboi anakata majani anayapanga nyuma umbali fulani ili wanaokuja wapunguze. Tukapunguza. Hamna lori. Limeshatengenezwa limeondoka zamani, matawi yameachwa, yameanza hata kunyauka. Nikamwambia baba mdogo leo barabara imeamua kunifundishia. Ulaya kuna ujumbe wa aina mbili mkubwa, ule wa kila wakati wa "nipo", na mwingine unaotoka pale penye hatari tu, ambao kwa kweli ni haya matawi. Sasa mtu mbaya hahitaji kughushi saini ya mtu. Anachukua ujumbe wa kweli wa jana, umesainiwa vizuri na gari la kweli, "nimeharibika nimeziba njia", anaurekodi kama ulivyo, anaurusha tena leo. Saini itakubali kwa sababu ni saini halali! Dawa yake ni kila ujumbe uwe na saa na mahali ndani ya kile kilichosainiwa, ukichelewa au ukisikika mbali na pale unapodai umetoka unatupwa. Baba mdogo alivyoona majani yamenyauka alijua. Gari linaangalia saa.

"Sawa. Lakini kama kila gari lina cheti chake, na linajitangaza mara kumi kila sekunde, si mtu anakaa tu kando ya barabara anaandika nani kapita saa ngapi?"

Aisee. Hili swali nilisoma miezi kabla sijalifikiria mwenyewe, yeye kaliuliza kabla ya Boma Ng'ombe. Ndo hivyo hivyo. Ukiweka cheti kimoja kwa gari moja umetengeneza traka ya taifa zima, mke anajua, mdai anajua, mwizi anajua ulipolala. Na mimi ninayefunga traka najua watu wanavyozitumia, kuna wateja nimewafungia traka kwa ajili ya wizi ikaishia kuvunja ndoa, tuyaache hayo.

Kwa hiyo mfumo waliousanifu Wamarekani unaligawia gari vyeti vya majina ya bandia, 20 kwa wiki moja, na gari linabadilisha kila baada ya dakika 5 hivi. Ukinisikia hapa Boma na ukanisikia tena Weruweru hutajua ni mimi. Cheti hakisemi jina wala namba ya gari, kinasema tu "huyu ni gari halali". Na vinatolewa kwa mkupuo, vya miaka mitatu mbele, zaidi ya vyeti 3,000 kwa gari moja, ili gari lisiwe linaomba omba kila siku.

"Yaani gari linabadilisha plate namba kila dakika tano." Akacheka mpaka akakohoa. "Kwetu huyo ni mwizi."

Ndo ubishi wote ulipo. Ukimpa mtu mwema barakoa umempa na mwizi. Kwa hiyo lazima pawepo njia ya kuivua barakoa ya mwizi peke yake, bila mamlaka yenyewe kuwa na uwezo wa kuzivua za watu wote siku ikijisikia. Nikatafuta mfano, nikaupata kwa mama mdogo, maana ni mhazini wa vikoba. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hata mwenyekiti akitaka kuiba peke yake hawezi. Huku nako wamegawanya: ofisi inayopokea maombi inajua gari ni lipi lakini haijui limepewa vyeti gani, ofisi inayotoa vyeti inavijua vyeti lakini haijui ni vya nani, na kuna nyingine mbili kila moja inashika nusu ya namba ya kuunganisha. Gari likithibitika linadanganya wote wanaleta funguo zao, zinatoka namba mbili tu ndogo zinatangazwa kwa magari yote, na kwa namba hizo vyeti vyote vya lile gari vya kuanzia siku hiyo kwenda mbele vinatambulika na kukataliwa. Vya nyuma vinabaki siri, hata mwizi hafukuliwi alipolala mwezi uliopita. Mimi hapo huwa navua kofia, ni kazi nzuri sana ya akili za watu.

Ila nimesema 20 kwa wiki, na hapo kuna shimo ambalo nadhani watu hawalisemi vya kutosha. Vyote 20 ni halali kwa wakati mmoja. Gari jema linatumia kimoja kimoja. Gari la muhuni likitoboa chipu lake linaweza kuvitumia vyote kwa mpigo, likawa magari 20, foleni nzima ya uongo, kila moja na saini halali. Baba mdogo alishaniambia sheria yake mwanzo kabisa pale Maji ya Chai, mmoja akimpiga taa anapunguza tu, wakimpiga watatu wanaofuatana anajua trafiki yupo kweli. Sawa, sasa je kama wale watatu ni mtu mmoja? Mtafiti wa Microsoft anaitwa John Douceur aliliandikia tatizo hili mwaka 2002, la mtu mmoja kujifanya kundi, na dawa kamili bila kuwa na mamlaka fulani inayojua nani ni nani hakuiona. Kwa hiyo dawa ya faragha ndo inamlisha huyu mdudu mwingine. Ukipunguza vyeti watu wanafuatiliwa, ukiongeza umewapa waongo vikosi.

Kama unadhani hii ni hadithi ya vitabuni, mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alionyesha jinsi alivyochukua simu 99 za mkononi akazipakia kwenye kigari kidogo cha kuvuta kwa mkono, akatembea nacho taratibu barabarani. Google Maps ikapaka barabara rangi nyekundu, foleni kubwa, watu wanaelekezwa wapite kwingine. Barabarani hamna gari. Hakudukua kitu, hakuvunja nywila, simu zote zilikuwa za kweli na zilisema kweli kwamba zinatembea polepole.

Na gari lenyewe linaweza kuwa la kweli, mwenyewe mtu mzuri tu, ila limeingiliwa. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek wakiwa nyumbani wamekaa walilizima Jeep Cherokee likiwa barabara kuu kule St. Louis, ndani yuko mwandishi wa habari anaendesha, walipitia kwenye redio ya gari iliyounganishwa na mtandao wa simu, wakashuka mpaka kwenye nyaya za ndani. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Nyaya za ndani za magari zinatumia mtindo uliotengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani miaka ya 80 huko, na mule ndani ujumbe hauna saini wala jina la aliyeutuma, anayeongea anaaminiwa, kama ukoo. Sasa mtu akishaingia mule akaliambia gari "umekanyaga breki" wakati halijakanyaga, ile chipu yetu yenye ufunguo wa siri usiotoka, inayokaguliwa na mamlaka, itausaini ule uongo vizuri kabisa na kuurusha. Saini inathibitisha nani kasema. Kwamba alichosema ni kweli, haijui.

Kinachobaki ni lile la chui wa Seronera, kulinganisha. Gari linakwambia liko mita 50 mbele yako kwenye njia yako, rada yako haioni kitu, na halikuwepo sekunde iliyopita, na ujumbe wake unadai limeruka mita 40 kwa nukta moja. Usiliamini, na liripoti. Mimi binafsi nikiulizwa nitasema gari linalojiendesha lichukue maneno ya redio kama tetesi, lipunguze kidogo, liongeze umakini, lakini lisipige breki ya kuua kwa neno la mtu mmoja wala lisiovateki kwa neno la mtu mmoja. Baba mdogo akakaa kimya kidogo maana dakika arobaini nyuma ameovateki kwa indiketa ya semi.

Kuna kitu kimoja ambacho saini haikigusi hata kidogo, na hiki nimekiona kwa mikono yangu. Mteja mmoja ana Canter inabeba vitunguu, nikamfungia traka, kila Ijumaa jioni traka inapotea hewani masaa matatu inarudi. Nimebadilisha antena, nimebadilisha laini, nimebadilisha traka nzima kwa hasara yangu. Mwisho nikakuta dereva ana kidude kinachomekwa pale pa kuwashia sigara, kinapiga kelele kwenye masafa ya GPS, setilaiti hazisikiki. Anakichomeka akitaka kwenda kwa mchepuko, basi. Marekani dereva mmoja wa New Jersey alikuwa nacho hicho hicho kumficha bosi wake, akavuruga mtambo wa kusaidia ndege kutua wa uwanja wa Newark, mwaka 2013 wakampiga faini ya dola 31,875. Kwenye kelele kama hiyo cheti chako na kufuli zako tatu havisaidii kitu, husikii. Na gari lisilosikia linatakiwa lijue kwamba halisikii, likae kwenye macho yake, lisiseme kwa kuwa kimya basi njia nyeupe.

Kimya ndo tatizo letu kubwa huku kwetu kuliko hata uongo. Tulikuwa tunashuka mteremko wa Kikavu, ng'ombe kama kumi wako kando na kijana mmoja na fimbo, bodaboda wawili wanapanda bila taa, guta limebeba majani ya ng'ombe mpaka halionekani. Hao wote hawana redio na hawatakuwa nayo. Gari linalozoea kwamba kila kitu kinajitangaza likija huku litaua mtu siku ya kwanza.

Alafu kuna hili la magari tunayonunua. Sisi tunapokea ya Japani yakishatumika miaka kumi, kumi na tano. Redio ya Noah ya baba mdogo inaishia 90, ilibidi afungiwe kile kidude cha kupanua masafa ndo akapata stesheni za Arusha. Sasa subiri hayo ya megahezi 760 yaanze kushuka bandarini, vyeti vimeisha muda, mamlaka yake iko Tokyo, na kadi ya gari ina jina la mwenye gari wa tatu nyuma kwa sababu hakuna aliyehamisha umiliki. Na hesabu za saini nazo zinazeeka. Kompyuta za kwantamu (aina mpya inayopiga hesabu fulani kwa kasi ya ajabu) zikikomaa hizi saini za baiti 64 zitavunjika, Agosti 2024 Wamarekani wametoa viwango vipya vya saini za kuhimili hilo, lakini ile kuu kwa udogo wake kabisa ni baiti 2,420. Zidisha kwa mara 10 kwa sekunde kwa magari 100 kwenye hewa ileile. Haiingii, inabidi watafute ujanja. Na Noah ya 2004 bado inapanda Machame, kwa hiyo gari linalotengenezwa leo linatakiwa liwe na saini ya kudumu miaka ishirini, ishirini na tano, huko kwetu hata thelathini.

Kipaimara kilikuwa kizuri, ndafu ilikuwepo, sitaelezea. Jumapili asubuhi tunarudi, baba mdogo akawasha gari, dada wa Kijapani akaongea, baba mdogo akasema marahaba. Mimi sijui kwa nini siku hiyo nikawaza kutafuta. Nikaweka simu karibu, nikamwambia azime awashe tena, nikaitafsiri.

Anasema kadi ya ETC haijawekwa.

ETC ni malipo ya barabara za kulipia za Japani, walianza nchi nzima mwaka 2001. Kuna kiboksi kidogo chini ya dashibodi, kina antena, kinaongea kwa redio na lango la barabara kwenye gigahezi 5.8, jirani kabisa wa hayo masafa niliyokuwa namhubiria toka Maji ya Chai, na kina kadi yenye chipu na ufunguo ndani ili mtu asipite bure kwa jina la mwenzie. Yaani gari lake limekuwa na redio ya kuongea na barabara miaka yote hii, inadai kadi, na sisi tunaijibu marahaba.

Baba mdogo akaniuliza kama kinakula betri. Nikamwambia kidogo. Akasema basi kitoe, lakini huyo dada muache. Nikamwambia dada ndo yumo humo humo. Akafikiria mpaka tunafika Kikatiti, alafu akasema kiache.

Nimetafuta kingine kwenye vyuma chakavu pale Unga Limited, kipo mezani kwangu, kesho nakifungua.